Inaanza Kwenye Sitini

Inaanza kwenye sitini.
Hamsini na nane imetulia kama maji ya mtungini.
Sitini ikifika, kiti kinanitekenya mgongo,
kioo kinanionyesha barabara mbili nyuma yangu,
na ndoo za dagaa nilizopakia mwaloni Igombe
zinanong'onezana kule bodi hadi Kisesa.

Nikasema ni tairi. Kila mtu husema ni tairi.
Pale Igoma nikalipia balansi, nikalipia tena,
kijana akapachika vipande vya risasi kwenye ringi
kama anayemvisha maiti hereni.
Nikahamisha za mbele nyuma, za nyuma mbele.
Mtetemo haukuhama nazo.

Fundi Lushinge wa Nyakato hakufungua hata boneti.
Aliingia, akafunga mlango mara mbili (mlango wangu unataka mara mbili),
akasema, "Endesha. Usinieleze."
Tukashika barabara ya Musoma.
Kwenye sitini: "Kanyaga klachi. Weka frii."
Injini ikashuka sauti, ikabaki inahema tu,
gari likateleza lenyewe kati ya yale mawe
yaliyopandana bila kuombana ruhusa,
na kiti bado kinatetema.
"Basi injini umeisingizia.
Kinachozunguka magurudumu yakizunguka,
huyo ndiye mwizi wetu."

Akatandika boksi, akajisukuma chini ya pikapu.
Nikaingia upande wa pili, kanga na yote.
Akashika propela kwa mikono miwili, akaizungusha huku na huku,
kidogo,
kama unavyojaribu jino la mtoto.
Tk.
"Umesikia?"
Nilisikia. Krosi ya nyuma imekauka grisi,
kutu nyekundu imezunguka kikombe chake
kama ugoro mdomoni.
Na raba inayobeba mkia wa giaboksi imepasuka kitambo,
imekaa pale kwa mazoea.

Kisha akanyamaza. Akafuta shafti kwa kitambaa.
"Nani alifungua hii?"
Kaka yangu, Mhoja. Usiku, karibu na Magu,
kwa tochi ya simu, sangara wakianza kunuka.
"Hakuweka alama. Macho yake hayatazamani.
Huku jicho limesimama, kule limelala.
Miaka mitatu mnaendesha vipande viwili vilivyofungwa pamoja,
kila kimoja na mzunguko wake."

Nikacheka. Halafu sikucheka.
Mhoja yuko Geita tangu tugawane:
yeye injini ya boti, mimi gari,
na hatukuandika popote nani anamdai nani.

Kwa giaboksi akanifundisha jambo moja:
legeza kwanza nati ya kujazia, ile ya ubavuni,
ndipo uiguse ya chini.
"Ukimwaga kabla ya kujua kama utaweza kurudisha,
unabaki na gari lisilokwenda na beseni la uchafu."
Ya ubavuni iligoma. Akaipaka dizeli, akaigonga,
akaenda kunywa chai, akarudi.
Ikakubali kwa mlio wa panya.

Oili ilitoka nyeusi, ikimetameta unga wa shaba;
kumbe ndiyo manung'uniko ya gia ya tatu kila asubuhi.
Kwenye sumaku ya nati, nywele za chuma.
Lushinge akazisugua kati ya vidole.
"Si kifo. Ni umri. Wewe huna mvi?"
Ninazo.
Lita mbili na nusu, mpaka ikalia machozi ubavuni.

Krosi mpya, raba mpya, bomba la grisi hadi ikachungulia.
Shafti ikarudi mahali pake
na mstari wa chaki kutoka kipande hadi kipande.
Nikaupiga picha, nikamtumia Mhoja bila neno.
Alijibu saa nne usiku: *Nilikuwa na haraka.*
Na baada ya dakika: *Linakwendaje?*

Ila hiyo ilikuwa baadaye. Jioni ile tulitoka na bodi tupu.
Sitini. Kioo kikaleta barabara moja.
Sitini na tano. Sabini.
Kwenye sabini na nane kitu kikagusa usukani,
chepesi, kama ukucha mlangoni.
Nikamtazama Lushinge.
Alikuwa amefumba macho, kiganja kwenye dashibodi.
"Hiyo sasa," akasema, "ni tairi."