Mashine ya Ghalani

Mwaka ule kompyuta ya pekee Wete ilikuwa ya karafuu.
Mchana ikihesabu magunia: daraja la kwanza, la pili, makonyo.
Usiku Ussi Vuai akilifungua ghala kwa ufunguo wa kuazima,
akaifunza sataranji.

"Haiwezi kuzifuata njia zote," aliniambia,
"kutapambazuka, bado imo kwenye hatua ya nne.
Nataka ijue kipi cha kutotazama.
Kama wewe."

Mimi, Raya, dadake, mshonaji,
nisiyejua lolote la kompyuta ila joto lake.
Alinikalisha juu ya gunia, ubao tukauweka kwenye mizani,
kalamu iko sikioni.
"Umetazama wapi kwanza?"
Sikutazama. Farasi yule kanikera.
"Kakukera vipi?"
Kama uzi uliochomoza penye pindo.
Akaandika: farasi pembeni, toa tatu.

Usiku ishirini na kitu, hivyo hivyo.
Vitunda vikishikana mikono, jumlisha mbili.
Shaha akiwa wazi, toa kumi.
Nikaona haya, kama ninayepimwa nguo mbele za watu.

Ikacheza. Pole pole mno, chai ilipoa kati ya hatua na hatua,
lakini ilinisonga upande wa kushoto
hata nikasema, wallahi Ussi, hii ina akili.
Kisha nikamtegea waziri wake.
Ingemtoa tu, ikale ngome zangu mbili,
basi, nimekwisha.
Ikafikiri. Umeme ukafifia, ukarudi.
Ikamrudisha waziri nyumbani.

Ussi akapiga meza. "Nimekosea wapi?"
Akapekua karatasi zake, mstari kwa mstari.
Nilinyamaza. Hakukosea popote.
Miaka mingapi mie namfungia waziri ndani
kama sahani za harusi kabatini,
nashindwa, naye mzima?

Msimu ulipofunguliwa, meneja alitaka nafasi ya magunia.
Ussi akafuta kitepe kizima,
akaja kunambia kama mleta habari ya msiba.
Nilikuwa na gauni la mtu mkononi.
Nikamwambia, panga ubao.

Hatua ya kumi na moja nikamtoa waziri.
Alinitazama mimi, si ubao.
"Nani kakufunza?"

Nikatunga uzi sindanoni,
nikamngoja acheze.