Saa Nane Kasorobo

Hana haja ya saa ya ukutani.
Treni ya Kigoma huchelewa, maji ya bomba huchelewa,
mvua ya Dodoma ndiyo usiseme.
Yeye, saa nane kasorobo usiku, yumo ndani.

Huingia kwa jicho la kulia. Siku zote la kulia.
Kope inalegea kama turubai lililokatika kamba,
chozi linatoka bila kilio,
tundu moja la pua linachuruzika, la pili kavu:
nusu ya uso wangu iko msibani,
nusu nyingine haina habari.

Kulala siwezi. Kukaa siwezi.
Mlangoni hadi kwenye pipa la maji, hatua kumi na moja,
kurudi, kumi na moja,
na tofali la pale konani linalijua paji langu.
Nyemo alishaacha kusema pole.
Anakaa kitandani na simu, anahesabu:
arobaini, hamsini, dakika sabini.

Mimi mkata chuma, Kizota, nyuma ya maghala.
Nimeuona moto wa buluu ukipita kwenye bamba nene
kama kidole kwenye mlenda.
Nikisema kinachonipita jichoni nakijua kwa kazi yake,
niamini.

Fundi meno wa Kibaigwa aling'oa magego mawili,
akanifungia kwenye gazeti.
Nyumbani nikayafungua: meupe, hayana kosa.
Duka la miwani likanipa miwani.
Shangazi akanipeleka Bahi, nikachanjwa chale tatu juu ya nyusi.
Mchungaji akauliza nimemkosea nani.
Bosi akasema, kichwa? Kila mtu ana kichwa.

Wiki ya saba akaondoka mwenyewe.
Nikachinja kuku, nikaapa nimepona.
Alizeti zilipoinama tena mwaka uliofuata
akabisha.

Daktari alikuwa binti mdogo, Mheme, koti limemzidi mabega.
Hakuuliza panauma wapi.
Aliuliza: "Kikija, unalala au unatembea?"

Hapo nikalia.
Na jicho la kushoto pia.

Akaniandikia vidonge vya kila siku, kwanza kipimo cha moyo.
Sindano ipo, akasema, ila bei yake ni nusu ng'ombe.
Na kwa saa ile yenyewe: oksijeni.
Nikacheka. Mitungi hiyo naibingirisha kwa mguu kila asubuhi!
"Ya karakana usiiguse," akasema,
kabla sijafikiri vizuri nilichokuwa nakifikiri.

Basi, bodaboda usiku, jicho nimelifunga kwa kanga ya Nyemo.
Barakoa, mfuko unajaa na kunywea,
nimeinama viwiko magotini,
na dakika ya tisa
mtu akafunga koki.
Nilisikia mbwa anabweka mbali. Nilisikia feni.

Si kila usiku. Kuna usiku mtungi ni mtupu.
Kuna usiku ufunguo kaondoka nao wa zamu,
nami natembea varanda ya hospitali, kumi na moja, kumi na moja.

Varanda hiyo ndiyo nilikomkuta Mama Chilewa,
mchuma zabibu wa Hombolo, anatembea upande wa pili.
Tulipishana mara nne ndipo akasema,
"Wangu wa kushoto."
Tukaketi kwenye benchi, tukapokezana maji.
Upande wake mzima na upande wangu mzima,
tukapata uso mmoja.

Tangu hapo simu hutikisika saa ile, mara moja, ikakata.
Anabipu. Salio hana, nami la kusema sina.
Nabipu.
Maana yake: nimeshika ukuta. Wewe?

Juzi haikutikisika.
Wangu alikuja, akaondoka, nikabaki macho,
nikabipu, kimya, nikabipu,
hadi majogoo ya Kizota yakamaliza kubishana.
Nyemo akasema, labda chaji.
Saa moja asubuhi ukaingia ujumbe, herufi kubwa tupu:
NIMELALA. USIKU KUCHA. NISAMEHE.