Zoezi la Nne

Mwalimu Ragnhild amesema: kikoleze kichwa, kiweke katikati.
Oddvar anasukuma kipanya
kama kreti ya samaki kwenye sakafu ya barafu.
VITAMINI. Neno limenenepa, limesimama kati ya ukurasa
kama bwana harusi asiyejua aiweke wapi mikono.

Nje, Hammerfest, saa sita mchana, taa za barabarani zinawaka.
Jua liliaga Novemba.

Majina yalazwe.
A inalala. C inalala na machungwa yake.
Sasa pigia mstari chanzo cha kila moja.
"Vitamini D hutokana na mwanga wa jua,"
anasoma, anacheka kwa pua,
anauchora mstari chini ya jua,
mwembamba, kama upeo litakakochungulia
Januari ikikaribia kwisha,

"na mafuta ya maini ya samaki."

Hapo kidole kinasita.
Miaka arobaini na mmoja Jorunn alimvizia mlangoni na kijiko.
"Achama!" Naye huachama, macho kayafumba.
Chupa ya mwisho ingali kwenye jokofu, nusu.
Tarehe yake imepita. Hajaitupa.

Zoezi halikuagiza, lakini anaikoleza sentensi nzima,
anailaza, anaipigia mstari,
anaikuza hadi ishirini na nane,
machungwa yanasukumwa ukurasa wa pili.

Ragnhild anainama begani pake.
"Umezidisha, Oddvar."
"Najua," anasema. "Nionyeshe tu
namna ya kuhifadhi."