Nganda ya Chini

Hapo unapoweka chupa yako, Mushagalusa,
ndipo kilipokuwa kitanda nilichozaliwa.
Usiondoe kiwiko. Nakuambia tu
kwa sababu umeuliza mbona baa ina dirisha la chumba cha kulala,
mbona ukutani kuna msumari wa chandarua.

Nganda yenyewe iko chini.

Aliianza bibi, Kyakimwa, aliposhuka Birere
kutoka juu ya lori la viazi la Lubero
na mtungi wa kasiksi ambao, alisema,
haukumwaga hata tone; aliyemwaga ni yeye,
alitapika njia nzima.
Mbao nne, turubai, kikombe kimoja cha bati
kilichozunguka midomo yote kama umbea.
Mwaka wa tatu, matofali.
Mwaka wa saba, ghorofa, na mtaa ukacheka:
muuza pombe anajenga mbinguni!

Hakujua kusoma. Daftari lake la madeni lilikuwa la michoro.
Fundi baiskeli, gurudumu. Mwalimu, miwani.
Askari mmoja, kofia isiyo na kichwa.
Na kando ya kila mchoro, vijiti,
chupa moja kijiti kimoja,
vimesimama foleni kungoja mwisho wa mwezi.
Pesa ikabadili jina, ikabadili tena,
noti za zaire tukawashia makaa.
Vijiti havikubadilika. Chupa ni chupa.

Mama yangu Mbambu alirithi ufunguo na maneno mawili:
Usikopeshe ndugu.
Akakopesha ndugu. Wote.
Hata hivyo akaleta friji, akaleta redio yenye spika mbili,
na chukudu zikawa zinashusha kreti mlangoni
kabla wake za watu hawajaamka kuwatafuta waume zao.

Mpaka Januari ile, usiku ulipokataa kuwa mweusi.
Moto unashuka na barabara, nyumba kwa nyumba,
naye amesimama anafunga kufuli.
Anatikisa mlango, kuhakikisha.
Halafu mkono wangu mkono mmoja, daftari kwapani,
tukavuka mpaka na mji mzima.

Tuliporudi, makoro yalikuwa bado yanapumua.
Kandambili ya mama iliyeyuka kisigino.
Mlango haukuwepo. Mtaa ulikuwa umepanda
hadi kwenye dirisha la juu, ukaishia hapo
kama mgeni mwenye adabu.
Mama akatoa kitanda, akaingiza viti.
Siku ya tisa akauza chupa ya kwanza, ya moto,
kwa mtu aliyekuja kuuliza kama tuko hai.
Ngazi ilikuwa na vidato kumi na kimoja.
Kimebaki hicho, ulichowekea kofia.

Ufunguo wa kule ninao. Haujashika kutu.
Wazee wakifungua chupa humwaga kidogo kwenye ufa,
"ya wale wa chini," na kucheka.
Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiihesabu hata hiyo.

Mimi nilisomea uhasibu. Nilikuja na safu zangu:
jina, tarehe, jumla.
Sasa benki zimefungwa, noti zimechakaa
mpaka muuza nyanya anazikataa,
na mteja akiinamia kaunta ananong'ona:
Andika, dada. Lakini si jina langu.
Majina siku hizi yanatembea yenyewe,
yanafika yasikotumwa.

Basi nachora. Mkono wangu si mzuri kama wa bibi.
Ng'ombe wangu wanafanana na meza.

Katika daftari lake, ukurasa wa mwisho,
kuna kuku wa mguu mmoja, vijiti arobaini na viwili.
Nimewauliza wote waliobaki.
Kila mzee anacheka, anaapa si yeye,
na anatazama miguu yake.

Wewe bado sijakuchora.
Kaa hivyo hivyo. Usigeuke.