Kisima Namba Tano

Uzi wa kupimia unashuka gizani,
mita kumi, mita kumi na mbili,
hadi kengele yake ndogo ilie: ti,
kama panya aliyekanyagwa mkia.
Hapo ndipo maji yalipo leo.
Naandika: kumi na nne na sentimita thelathini na moja.
Mwezi jana yalikuwa chini zaidi, kiganja kizima.

Huku juu ni nyasi tu.
Walipoondoka walilifukia shimo
kwa mawe yaleyale waliyoyatoa,
wakalisiliba kwa udongo wa vichuguu,
wakamleta mkubwa mmoja kutoka mjini akate utepe,
na mbuzi wa Kabwita wakaanza kula
kabla hotuba haijaisha.

Baba aliendesha gari la mawe humo miaka kumi na tisa.
Nikimwambia naenda shimoni
ananiuliza: shimo gani?
Pale ni malisho.

Lakini mawe yaliyolala bila hewa tangu kale
tuliyaamsha kwa baruti,
na aliyeamshwa vibaya halali tena.
Mvua ya Desemba ikiyafikia yanatoka jasho,
jasho kali linalokula msumari.
Karatasi zinasema kuna chokaa chini, unene nusu mita.
Mimi sikuwepo ilipomwagwa.
Mwenye karatasi pia hakuwepo.

Kazi yenyewe haina haraka.
Ndoo tatu za kwanza unazimwaga,
maana maji yaliyolala bombani
ni kama jibu la kwanza la mgonjwa: sijambo.
Ndoo ya nne ndiyo inayosema kweli.
Chupa, kifuniko, tarehe,
kisha safari ya baiskeli hadi maabara
ndani ya sanduku la barafu la muuza soda.

Visima saba vinanijibu vilevile kila mwezi.
Namba tano inashuka ngazi:
sita nukta nane,
sita nukta moja,
tano nukta nne.
Na ukingo wa bomba umeanza kuvaa kutu
mahali pasipo na chuma.

Kutoka namba tano hadi kisima cha Mama Nawezi
ni hatua mia nne, nimezihesabu mara mbili.
Hapo anaoshea lenga-lenga za kupeleka sokoni,
hapo anachota maji ya bukari.
"Mayi yetu inasema nini, mwanangu?"
Nasema bado tunangoja majibu.
Usiku nimepiga hesabu nyuma ya daftari:
maji ya chini hutembea kiganja kwa siku,
basi miaka minane.
Mwewa, mjukuu wake, ana miwili.

Nikaandika barua. Naomba mfereji,
mvua izungushwe isiingie,
na chokaa nyingine, mifuko mia tatu.
Wakajibu kwa heshima
kwamba bajeti ilifungwa pamoja na shimo.

Jumamosi nikaenda na jembe langu.
Mama Nawezi akaja na lake, hakuuliza kitu.
Wana wa Kabwita walikuja kutucheka,
wakabaki.
Tulikuwa tumechimba mahali pabaya
tangu asubuhi hadi saa saba,
ndipo nikamwona baba anapanda mteremko
na buti zake za kazi, zile alizosema amezigawa.
Akapita karibu yangu kimya,
akahesabu hatua kutoka kwenye kichuguu kilichobaki,
akapiga kisigino chini.
"Hapa njo mayi ilikuwa inatushinda," akasema.
"Kila masika. Pampu mbili, na bado."

Tukahamia hapo.
Udongo ulikuwa na unyevu kabla jembe halijafika gotini.

Leo ni tarehe tatu.
Mfereji una urefu wa hatua sitini, zinatakiwa mia mbili.
Uzi unashuka namba tano.
Baba ameushika upande wake wa juu
na ananiambia ninyamaze,
anataka kuisikia mwenyewe:
ti.