Hema Namba Saba

Walinituma kutoka Bungoma na kalamu mbili,
bahasha ya fomu, na fulana ya kaunti
iliyonipwaya mabegani.
Kazi: kuandika kila kilicholetwa maonyeshoni,
jina lake, mwenyewe, bei,
na kwenye kisanduku cha nne, asili yake.

Kapsokwony haikuwapo nilipofika.
Kulikuwa na ukungu tu, mzito kama uji wa mzazi,
na ndani ya ukungu mtu akigonga chuma.
Niliufuata mlio hadi nikamkuta Wepukhulu
akifua kengele za ng'ombe kwa springi ya lori.
"Andika," akasema bila kuinua macho,
"hii ya sauti nzito ni ya dume.
Ya mtamba hulia kama mtoto aliyenyimwa sukari."
Nikaandika: kengele, mbili. Asili: lori.

Jua lilipoutoboa ukungu, uwanja ukajitokeza vipande vipande:
kwanza mzinga wa gogo, ukielea wenyewe hewani,
kisha Ndiwa chini yake, aliyeubeba kichwani tangu alfajiri,
akila chapati, wala hana haraka ya kuutua;
kisha vyungu, vyungu, vyungu,
vimeinamishwa midomo chini kama watoto walioadhibiwa,
na kahawa ikikaangwa,
na litungu likikazwa nyuzi, likilalamika.

Hema namba saba ndilo lililonishinda.
Mahema yalipungua (mengine, nasikia,
yalikwenda harusini kwa mheshimiwa),
basi wanawake wawili wakabanwa meza moja:
Nabangala wa Kimilili huku, Chemtai wa Kaptama kule,
na katikati mpaka wa chaki.
Na wote wawili, Mungu anisamehe, walileta chakula kimoja:
machipukizi ya mwanzi, yaliyoning'inia juu ya moshi wa jikoni
hadi yakawa meusi, magumu kama kamba za viatu.

"Hiki ni chetu," Nabangala akasema. "Kamaleya.
Bila karanga, bila hiki, sherehe gani?"
"Na mwanzi unaota wapi?" Chemtai akauliza. "Kwenye miwa yenu?
Sisi ndio tunaopanda kuukata, baridi ikituuma masikio."
Akataja jina lake la chakula hicho,
jina lenye sauti katikati ambayo kalamu yangu haikuijua.

Nikasimama na kisanduku cha nne.
Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule mlima ulipolia risasi.
Najua kisanduku kidogo kama hiki kinavyoweza kumeza kijiji.

Makaa ya Chemtai yalilowa ukungu.
Alipuliza, akapuliza, machozi yakamtoka, moto ukakataa.
Nabangala alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
kisha akalisukuma jiko lake kwa mguu, likavuka chaki.
"Weka sufuria yako. Watu wanakuja na njaa, hawaji na kesi."
Chemtai hakushukuru.
Alifungua kibuyu kidogo, akaonja mchuzi wa mwenzake,
akakunja uso, akamimina maji ya majivu bila kuomba ruhusa.
"Magadi ya dukani," akasema, "huua mwanzi mara ya pili."
Nabangala akaonja. Akanyamaza.
Akaongeza karanga kwenye sufuria zote mbili.

Kufikia saa saba viwiko vyao vilikuwa vimefuta chaki,
na foleni ilipinda hadi kwa Wepukhulu,
ambaye aliacha kengele akaja na bakuli lake mwenyewe.
Nami nilipewa. Moshi kwanza, halafu mafuta ya karanga,
halafu uchungu mdogo mwishoni, kama jambo lililosamehewa nusu.

Jioni majaji walitangaza.
Zawadi ya kwanza: keki ya hoteli moja ya mjini
yenye umbo la mlima, theluji ya krimu juu.
"Keki!" akasema Nabangala.
"Theluji!" akasema Chemtai, aliyezaliwa huko juu,
na wakacheka wameshikana mikono ya unga na masizi,
wakacheka hadi kibuyu kikaanguka.

Kisanduku cha nne kilidondokewa na mchuzi.
Nilikiacha hivyo.
Fomu nimeshaipeleka.