Wewe Mbali

Jioni ya posa palikuwa na halwa ya zafarani,
na kiyoyozi kikidondosha matone kwenye ndoo.
Idi bin Feruzi alikuja na mjomba wake,
kanzu zimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.
Alikaa kama mtu aliyeonywa asivunje kitu.
Kijana yule husafisha maji ya bahari kule Barka,
huyatoa chumvi, na sisi Maabela tunayanywa.
Nawe, Hilali, ulimmiminia glasi kwa mkono wako,
kisha ukauliza: "Feruzi wa nani?"

Mjomba akataja baba, akataja babu.
Kwa babu wa pili jina likabaki peke yake,
halina kabila la kulishika mkono.
Ukasema inshallah.
Naijua inshallah yako ile. Ni ya kufungia mlango.

Wageni hawajafika getini ukaanza Kiarabu.
Sisi tuliogombana kwa Kiswahili juu ya chumvi ya mchuzi,
tuliomzika mtoto wetu wa kwanza
tukabembelezana kwa Kiswahili hichohicho,
usiku ule ukavaa Kiarabu kama joho la sikukuu.
Nasaba, ukasema. Watu wa Ibra watasema nini.
Nikakutajia Bilali.
Ukanyamaza. Bilali unamtaka mnarani,
kwenye posa humtaki.

"Na mimi je?" nikauliza.
"Na bibi yangu Tausi, Mmanyema wa Ujiji?
Na nywele hizi ulizonipaka mafuta ya nazi
mwaka wetu wa kwanza Rumonge, nyuma ya duka,
taa ya chemli kati ya magunia ya sukari,
ukisema hujapata kushika kitu kizito hivi kikawa laini?"

Hapo ukarudi kwenye Kiswahili,
maneno mawili tu, kwa upole,
ukidhani unanipa zawadi:
"Wewe mbali."

Ulikusudia: wewe si kama wao.
Lakini Kiswahili kina masikio yake, bwana.
Kilikusikia kama ulivyosema,
kikanichukua, kikanipeleka huko.

Sasa nalala chumba cha Raya,
kitanda chembamba, miguu inagusa kabati.
Asubuhi nakukaangia vitumbua viwili, sukari kidogo.
Sikususii chakula, kisukari chako hakina kosa.
Tunaongea.
Gesi imekwisha. Fundi hajaja. Kikohozi vipi.
Maneno ya wapangaji.

Raya amekushitaki kwa kumzuilia ndoa.
Kesi imeahirishwa mara tatu.
Mara zote tatu wewe umekwenda na gari lako,
mimi na teksi,
tukitoka nyumba moja, saa moja, kwa barabara moja,
na kwenye taa nyekundu ya Mawaleh
gari zetu zikasimama ubavu kwa ubavu.
Uliangalia mbele. Nikaona umesahau kufunga mkanda.
Nilitaka kushusha kioo nikwambie.

Jana nilikuwa napangusa vumbi sebuleni,
nikafika kwenye shajara yenu, ile ya fremu ya dhahabu,
wanaume mia na kumi na wawili,
matawi juu ya matawi, hata mama mmoja hamna,
kama kwamba ninyi mmeokotwa mtendeni.
Nikaishusha. Nikaigeuza.
Nyuma, kwenye kadibodi, pembeni kabisa,
mwandiko wako wa ujana, wa penseli, umeanza kufifia:
Shinuna binti Zamzam binti Tausi.

Nilikaa chini na fremu mapajani.
Sikujua nikuchukie zaidi au nikuite.
Uliniandika, Hilali.
Uliniandika nyuma.

Adhana ya alasiri ikanikuta hapohapo.
Nikatafuta penseli kwenye droo ya bili za umeme,
nikaongeza, mbele ya jina langu: Raya.
Mbele ya Raya nikaacha nafasi.
Kisha nikaitundika tena. Imepinda kidogo.
Utakaporudi msikitini utaona imepinda,
utainyoosha kwa kidole,
utakwenda kunawa.